Kibati cha Kisimani

Jua linazama, Shaame akatumwa kufunika shimo kwa turubai. Siku nzima walikuwa wakifukua kisima cha kale cha Warumi kwenye shamba moja nje ya London, na sasa wenzake walishatangulia garini. Yeye alitaka tu kufika kwake Thamesmead, ale, alale.

Lakini kibati walichokifukua mchana kilikuwa bado kwenye trei pale ukingoni. Kipande cha madini ya risasi, kimekunjwa, kimepigwa msumari. Mchana Daisy, mkuu wao, aliwaeleza: zamani hizo mtu akiibiwa aliandika apizo la mwizi kwenye kibati, akakitumbukiza kisimani ili ulimi wa mwizi ufungwe.

"Shaame, na nyinyi Pemba mnayo haya?" akamtania.

Akasema hapana. Mwongo mkubwa! Mpemba gani asiyeyajua?

Na kuibiwa aliibiwa, tena na ndugu yake wa tumbo moja. Miaka yote ya kuchimba kwenye baridi ya watu, nyumba ikasimama Wete, na nduguye huyo, Rajab, akaiuza mama yao akiwa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Uchungu ule haukumtoka hata siku moja.

Akakiokota kibati.

"Mfunge ulimi alonidhulumu," akanong'ona.

Ikapanda harufu ya nywele zilizoungua kutoka shimoni.

"Mtoto... wa nani?"

Kiswahili. Tena cha Pemba hasa, kutoka chini ya shamba la Wazungu!

Angekimbia, lakini hasira zilimshika miguu. Swali lenyewe alilijua. Mganga wa kwao huuliza hilo hilo, jina la mama, maana baba aweza kusingiziwa.

"Wa Haifa," akajibu, akakiachia kisimani.

Chubwi!

Na kisima kile hakikuwa na tone la maji.

Akakimbilia garini. Hawajafika barabara kuu, simu ikalia. Mama yake, analia.

"Shaame, mwanangu! Nduguyo kaja kunitaka radhi. Kasema 'Mama', basi... neno la pili halikutoka. Kaachama tu, ananitazama!"

Furaha ikampanda Shaame, mbaya, tamu. Akataka kusema, "Pole, mama."

Ulimi haukunyanyuka.

Akajaribu tena. Kitu kiliukaza kwa nyuma, baridi.

"Shaame? Nawe pia? Sema nami, baba! Nimezaa wawili tu mie... nani ataniita mama?"