Fomu ya Msindikizaji

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tena. Watu walijaa chini wakisonya, na katikati yao Mtafiti, koti jeupe lina doa la chai kifuani, alikumbatia boksi la barafu lenye sampuli za damu. Maabara yake ilikuwa ghorofa ya sita, jamani!

"Dakta, hapa utasubiri sana," fundi wa lifti alichomoza kichwa, ovaroli ya bluu imepauka magotini. "Lete nikubebee."

"Na lifti ataitengeneza nani?"

"Hii imezoea kuningoja."

Mtafiti akacheka bila kupenda. Walipofika juu, Fundi akihema, aliuliza damu zote zile za nini.

"Mishipa ya damu ikizeeka inakakamaa, kama mpira wa maji ulioachwa juani. Nachunguza inavyochangia wazee kupoteza kumbukumbu."

Fundi aliliweka boksi mezani. "Nina mama yangu. Yuko timamu kabisa, lakini mpime tu."

Basi kila baada ya miezi mitatu alimleta mama yake, fundi cherehani wa siku nyingi, gauni limenyooshwa pasi mpaka mikononi. Mtafiti alimpima kasi ya mapigo shingoni na pajani, na Fundi, akimjibia mama kila alipoulizwa, akajaza fomu ya msindikizaji. Mama hupotea njia? Hapana. Husahau watu? Hapana. Jioni wakawa wanapigiana simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Biskuti."

"Biskuti ni chakula? Wewe Dakta utanizeesha."

"Acha nikuzeeshe. Nikupime na wewe."

Mwaka ukapita hivyo. Mtafiti alichoka hadi kope, lakini alikuwa na furaha moja: mishipa ya mama yule ilikuwa migumu kupita ya wote, na bado majibu yalionyesha akili timamu! Alikesha miezi mitatu akiandika ripoti juu yake.

Jumamosi moja asubuhi akapita kwa akina Fundi bila kupiga simu. Mama akamfungulia, akamtazama toka juu hadi chini.

"Wewe ndiye bibi harusi? Umechelewa. Simama nikupime."

Kabla hajajibu, utepe ulikuwa umeshamzunguka kiuno. Ukutani kulijaa karatasi za mwandiko wa Fundi: CHOO HAPA. USIWASHE JIKO. MIMI NI MWANAO, NARUDI SAA SITA.

Fundi alimkuta amesimama mbele ya karatasi hiyo ya mwisho.

"Mwaka mzima umenidanganya!"

"Sikukudanganya wewe. Nilidanganya fomu. Nilihisi nikiandika ndiyo, basi mama kaondoka kweli."

"Na kazi yangu je? Nilikuamini, na ripoti yote ni takataka!"

Mtafiti akaondoka, akaichana ripoti, akazima simu. Wiki tatu alipanda ngazi hata lifti ilipofanya kazi, asije akamkuta. Alimkumbuka mno, na hilo lilimchosha kuliko ngazi.

Siku ya ishirini na mbili mlango wa maabara ukagongwa. Fundi alikuwa amemshika mama yake mkono, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa.

"Naomba fomu mpya, Dakta."

Alijaza polepole. Hupotea njia? Ndiyo. Husahau watu? Ndiyo, hata mimi. Swali la mwisho liliuliza nani anamsaidia nyumbani. Akaandika: *Mimi tu. Nimechoka.*

Mtafiti alisoma maneno hayo mara mbili, hasira ikamwisha. Akatoa karatasi nyingine kwenye droo.

"Ya nini hiyo?"

"Ya kukabidhi faili kwa mwenzangu. Nilipaswa kuijaza tangu simu ya kwanza."

"Unatufukuza?"

"Mtafiti haruhusiwi kushika faili la ndugu yake."

Akaandika kitu, akamsogezea. Penye *uhusiano na mshiriki* palikuwa na neno moja, wino haujakauka: *mkwe*.

Fundi alikaa kitini akalia waziwazi, ovaroli na mafuta yake yote. "Unajua unachojitakia, mpenzi?"

"Najua kuliko wewe. Na mimi nimechoka. Tuchoke pamoja."

Mama hakuwa akiwasikiliza. Alitoa utepe mkobani, akamsimamisha Mtafiti, akamzungushia kiunoni, akakunja uso.

"Umekonda, mwanangu," alisema. "Gauni itabidi nilipunguze."