Apewe Sindano

Mgawakazi ulikuwa mtambo wa ajabu, jamani, usipime! Daktari akisema leba, chumba cha kujifungulia, "Apewe maji," mtambo hunong'ona katika sikio la mtu mmoja tu: "Namba Tatu, tundika chupa." Wengine hawasikii kitu. Mkunga, mfamasia na mtaalamu wa usingizi, kila mmoja alivaa kisikizi chake, na timu ilipangwa upya kila zamu kwa namba. Mwaka huo wa 2094, hospitali za Tabora zilijivunia kwamba watu wasiojuana waliokoa maisha bila kupigiana kelele.

Aliyewafundisha ni Sista Nyamizi, muuguzi wa miaka thelathini kazini. Zamani alifundisha kwa mdomo: mwite mwenzio kwa jina, umtume, naye akurudishie maneno yako. Mtambo ulipokuja, somo hilo likafutwa. Alinung'unika siku mbili, akanyamaza. Kusema kweli, hata yeye alikuwa amechoka kupayuka.

Asubuhi hiyo alisimama pembeni ya leba akikagua kazi. Mama mmoja, Mbula, alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike. Mara damu ikaanza kumtoka, ikafululiza. Na papo hapo mtambo ukazimika, visikizi vyote kimya.

"Apewe sindano ya kukaza mfuko wa uzazi," alisema daktari, macho yake kwa mgonjwa.

"Sawa, dokta," wakaitika watu watatu kwa pamoja.

Hakuna aliyesogea. Mkunga alimtazama mfamasia, mfamasia akamtazama mtu wa usingizi. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyetumwa, maana sikioni mwake hakusikia kitu. Nyamizi naye alisubiri, Mungu amsamehe, akidhani sindano iko njiani.

"Amepewa?" daktari aliuliza baadaye.

"Sawa, dokta."

Lahaula! Swali hilo hujibiwa "sawa"? Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa kwamba sindano ingali kwenye friji.

"Wewe!" alipiga ukelele. "Kalete sindano!"

Wote watatu wakakimbia, wakapigana vikumbo mlangoni. Alitaka kumwita mmoja kwa jina. Alikuwa amewafundisha wote, na jina hakuwa nalo hata moja. Akawapita, akaichukua mwenyewe, akaichoma, kisha akalikandamiza tumbo la Mbula kwa ngumi.

"Mbula, mwanangu, usilale! Nakuomba, usinifanyie hivyo!"

Sindano ilikuwa imechelewa dakika saba. Mbula alikata roho saa nne na robo.

Nyamizi alitoka nje akiwa hajanawa vizuri. Mume wa Mbula, Kasubi, alisimama na kanga mpya begani. Kilio cha mtoto kilikuwa kimemfikia, naye alikuwa akicheka peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," alijibu, kwa mazoea tu.

"Nimemsikia binti yangu! Mbula ameniapisha: mkunga atakayempokea ndiye atakuwa somo wa mtoto, ampe jina lake. Anaitwa nani?"

Habari ya msiba Nyamizi alikuwa amejiandaa kuisema. Swali hili hakulitarajia. Akamshika Kasubi mkono.

"Simjui jina, baba," alisema, machozi yakimtoka. "Hakuna anayemjua. Keti kwanza."