Skrubu Yenye Uzi wa Buluu

"Weka chini. Meza hii ni ya wateja."

"Na mimi ni nani?" Ikram aliuliza, akalitua kasha la kompyuta mezani palepale, juu ya karatasi zake.

Mwenye duka, fundi Nurdini, alimwacha mwanamke huyu kwa ujumbe wa simu miezi mitatu iliyopita. Na leo, Ijumaa baada ya sala, amemtokea dukani Miyuji, amebeba kompyuta ndani ya kanga. Nurdini alijitia kutafuta bisibisi, na bisibisi alikuwa ameishika mkononi.

Kwenye benchi alikaa mzee Batholomeo, mwalimu mstaafu, akisubiri printa yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Siku nyingi. Nilidhani umesafiri."

"Nipo kwa shangazi. Fundi wako ameniacha, hajakwambia?"

Mzee akaanza kukagua viatu vyake.

Ukutani kulikuwa na kalenda, na tarehe ya kesho imezungushiwa wino mwekundu. Ndiyo siku ya mwisho ya eda kwa hesabu za Nurdini. Kabla haijapita angeweza kumrejea mkewe kwa neno moja tu. Alimpenda Ikram hadi chakula hakipiti. Lakini alitaka wazee wa Ikram wa Kondoa waje kwanza kumwomba radhi, na hakuna mzee aliyekuja.

"Mashine ina nini?"

"Haina kitu. Nataka kuongeza RAM. Inakwama nikichora ramani kubwa."

"Mpelekee Wambura. Si ndiye aliyekuwekea ile kadi ya picha?"

"Wambura ni bosi wangu kule ofisini Mtumba, na kubadilisha wino wa printa tu kunamshinda."

"Lakini kukuleta nyumbani kwa gari hakumshindi."

"Alituleta watatu. Ulimwona mmoja kwa sababu ndiye uliyemtafuta."

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo, na hapo ndipo uchungu ulipo. Siku ile ya talaka Nurdini aliifungua kompyuta ya mkewe nyumbani ili aipulize vumbi, akakuta kadi mpya ya picha ambayo hakuiweka yeye. Naye ana tabia yake: kila skrubu anayoikaza huiacha mkato wa kichwa chake umesimama wima, zote sawasawa. Skrubu ya kadi ile ilikuwa imelala upande. Ikram akasema ameinunua na kuifunga mwenyewe. Nurdini akacheka. Jioni hiyohiyo akaandika:

"Ikram, nimekupa talaka moja. Aliyekufungulia mashine akuoe."

Ikram akajibu mara moja tu: "Itoe hiyo skrubu kwanza."

Nurdini akaona anakejeliwa, akaifungia namba yake.

"Niliona kwa macho yangu," alisema sasa. "Mkono mwingine uliingia humo."

"Uliona kichwa cha skrubu, Nurdini. Umeniacha kwa kichwa cha skrubu. Haya, bisibisi unayo. Itoe."

"Sina muda wa michezo."

"Una muda wa kuniita malaya kwa simu, huna muda wa kuzungusha skrubu?"

"Sikutamka neno hilo."

"Hukulitamka. Ulilituma."

Mzee Batholomeo akakohoa. "Fundi, itoe tu. Printa yangu haina haraka."

Nurdini akaondoa ubavu wa kasha kwa hasira, kama mtu anayefungua mlango wa mdaiwa. Kadi ilikuwa palepale, na skrubu yake imelala vilevile. Akaizungusha. Ilikuja kwa uzito. Ilipotoka, alikuta imeviringishwa uzi mwembamba wa buluu.

"Tundu lilikuwa limechakaa," Ikram alisema. "Skrubu ilikuwa inazunguka bila kushika. Mama yangu hufanya hivyo kwenye kishikio cha mfuniko wa sufuria. Sasa vua kofia."

Hakuhitaji kuivua. Aliijua rangi hiyo. Kofia aliyoivaa msikitini leo Ikram ndiye aliyeidarizi, miezi minne, kwa uzi uleule wa buluu uliobaki kwenye kikapu chake. Basi aliyeifunga kadi ni Ikram mwenyewe.

"Ikram..."

"Pisha."

Akamsogeza kwa kiwiko, akagusa chuma cha kasha kwanza kuondoa umeme mwilini, kama alivyomwona yeye akifanya miaka yote. Akachomoa kadi, akairudisha, akachukua skrubu nene zaidi kwenye kopo la Nurdini na kuikaza. Akafungua vishikizo vya RAM, akatoa RAM mpya aliyokuja nayo, akalinganisha pengo lake, akabonyeza ncha zote mbili hadi vikalia. Akachomeka waya, akawasha. Kompyuta ikaamka bila kelele.

"Umejifunza wapi?" Nurdini aliuliza, na swali lenyewe likamwaibisha.

"Kwako. Nilikuwa nakaa pembeni nakushikia tochi. Ulidhani naangalia nini?"

Nurdini alitaka ardhi impokee. Alikuwa amemwonea mtu aliyempenda kuliko wote. Akamgeukia mzee.

"Mwalimu, uwe shahidi. Ikram, nimekosa. Nimekurejea."

Ikram alizima kompyuta, akaanza kuifunga kwenye kanga taratibu.

"Umechelewa. Eda yangu ilikwisha Jumanne."

"Inakwisha kesho. Nimehesabu miezi mitatu, ona kalenda."

"Kalenda haipati hedhi, Nurdini. Eda ni twahara tatu, siku za usafi baina ya hedhi, na mwenye kuzihesabu ni mwanamke. Hata hilo hukuniuliza. Umetazama ukutani, ukajijibu."

"Kwa hiyo ulikuja kufanya nini?"

"Kusafisha jina langu. Nilitaka ujue umemwacha nani."

"Nikija Kondoa kuposa upya?"

"Njia unaijua. Ila utakuja kama mgeni, na safari hii nitaulizwa."

"Utajibu nini?"

"Sijui. Nitafungua kwanza, nione kilichomo ndani. Mzee, kwaheri."

Akaondoka na kasha lake. Nurdini alibaki na skrubu kiganjani, na mzee Batholomeo kwa adabu zake akajifanya amesinzia. Ilipoadhiniwa Alasiri, fundi akaifungulia ile namba.

"Ikram, kesho alfajiri naenda Kondoa kwa baba yako. Niandae mahari gani?"

Alingoja hadi chai ikapoa. Jibu likaja:

"Umwamkie kwanza. Kisha mweleze ulichonifanyia, chote, mbele ya wajomba. Mahari hatujafika huko."