Ukwaju wa Wahu

"Ni za sherehe ya Mama Jyoti, kule Kileleshwa. Napika mimi!"

Nilikuwa nyuma yake dukani River Road, mwaka 1991. Aliyekuwa akinunua gunia la chana, zile dengu kubwa za Kihindi, ni Wahu... Wahu aliyekuwa akiosha sahani kwenye kibanda changu cha chana pale Adams Arcade!

Jamani, ile kazi ilikuwa YANGU.

Mama Jyoti alikuwa ameniahidi. Wageni mia moja, uchumba wa mwanawe Dilip. Mumewe alikuwa na chumba cha duka pale Adams, na wageni wakisifu chana, ufunguo ningepewa mimi Nzula. Ningeagana na mvua na askari wa kanjo!

Nikatoka kabla hajaniona. Moyoni nawaka.

Jioni Wahu akaja kibandani, sauti asali tupu.

"Nzula, kwani ukwaju huwa unaweka saa ngapi?"

Hakuwahi kunikuta nikipika. Alikuwa akifika chana zimeshaiva.

"Mwanzo kabisa," nikamjibu. "Pamoja na maji. Weka mob, mwingi kabisa."

"Asante, dada!"

Ninyi wapishi mmeshacheka. Chana ikionja ukwaju kabla haijaiva, hailainiki ng'o! Utachemsha mpaka makaa yaishe, mwisho utapakua kokoto.

Jumamosi ya sherehe nilishinda kibandani nikiimba.

Jumatatu Mama Jyoti akashuka kwa gari, macho mekundu. Akafungua leso. Ndani... chana moja na kipande cha jino!

"Hii ni jino ya baba ya bibi arusi," akasema.

Nikiri tu, nilicheka mpaka nikashika meza.

"Unacheka? Hii ni kazi yako!"

"Yangu? Si alipika Wahu?"

"Wahu alisema wewe ni mgonjwa, umemtuma! Mimi nikaambia wageni wote, hii ni chana ya Nzula!"

Nikaiachia meza.

"Sasa analia, anasema ukwaju aliweka vile ulimwambia. Ni uongo?"

Nikainama kuchochea makaa, ndugu zangu.

Ufunguo alipewa kinyozi. Wahu hakurudi tena, na sahani nikaosha mwenyewe, mvua ikininyeshea, nikimtazama yule kinyozi akifagia chumba changu.

Sijamsamehe Wahu hadi leo, msinihubirie! Lakini wewe unayepanga kumharibia adui yako chungu, uliza kwanza kinapikwa kwa jina la nani. Mimi sikuuliza.