Pande Mbili za Nyumba ya Mbula

Siku za kazi, Mutheu alishona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja cha Athi River. Jumamosi alikuwa mwanafunzi. Alipanga chumba Kyumbi, na kila alipotoka kazini alifungua vitabu kabla hata ya kuwasha jiko.

Alitaka kusomea kazi ya ustawi wa jamii. Chuo kilikuwa tayari kumpokea, ila kwa sharti moja. Lazima apasi mtihani wa masomo ya jumla. Alikuwa ameshaanguka mara moja. Akianguka tena, nafasi yake ingepewa mtu mwingine, naye angebaki na mifuko yake ya suruali.

Masomo ya jumla si somo la kukariri. Linachukua mambo yanayowagombanisha watu, kama vile ardhi, pombe, dini na mila, kisha linakuambia: jadili. Mutheu alidhani somo hilo lilitungwa kwa ajili yake. Kwa ubishi, msichana huyo hakuwa na mwenzake.

Wiki hiyo walipewa swali hili: "Je, mila ya iweto iendelee au ikomeshwe? Jadili."

Iweto ni mila ya Wakamba. Mwanamke asiyejaliwa mtoto hutoa mahari na kumwoa mwanamke mwingine. Huyo anayeolewa ndiye iweto. Wawili hao hawaishi kama mume na mke. Watoto ambao iweto huzaa na mwanamume huwa wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Hubeba jina la nyumba hiyo na kurithi shamba lake.

Mutheu hakuhitaji kuelezwa haya. Alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, huko Muthetheni. Alipokuwa mdogo, watoto wenzake walimcheka na kumuuliza baba yake ni nani. Darasani hakumwambia mtu. Lakini alipoona swali lile, moyo ulimwaka. Aliandika kurasa nyingi akiitetea mila, na wanaoipinga akawaita wajinga na vibaraka. Insha ilirudi na alama za kutia huruma.

Mwalimu wake aliitwa Hidaya. Alizaliwa Machakos mjini, na sasa alikuwa jirani yake katika ploti hiyohiyo ya vyumba vya kupanga. Jioni walikutana bombani wakifua nguo.

"Mwalimu, umenionea," Mutheu alisema. "Niliandika bila kupumua."

"Hata mimi nilisoma bila kupumua," Hidaya alijibu. "Hebu niambie. Wale wanapinga iweto wanasema nini?"

"Hao hawajui mila. Wanadharau tu watu."

"Hayo ni maneno yako juu yao. Mimi nauliza sababu yao."

Mutheu akaanza kukamua nguo aliyokwisha kuikamua.

"Unaona?" Hidaya alisema. "Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini wewe umevuta mpaka ngozi imepasuka."

Mutheu alicheka, ingawa hakupenda.

"Sasa niandike nini?"

"Anza kwa kueleza jambo lenyewe, na kwa nini watu hawaelewani. Kisha toa sababu za upande mmoja. Chukua zile zenye nguvu, usichague dhaifu ndiyo uziangushe kirahisi. Halafu fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili. Kila sababu iwe na ushahidi: sheria, au jambo limetendeka. Usiniandikie 'kila mtu anajua.' Huyo kila mtu ni nani? Anaishi wapi?"

"Na maoni yangu? Niyameze?"

"Usiyameze. Mwisho pima pande zote, useme umesimama wapi na kwa nini. Kuwa na haki si kukaa katikati ya barabara. Hapa Kyumbi ukikaa katikati ya barabara, lori litakubeba."

"Na nitajuaje nimekuwa na haki?"

"Mtu wa upande ule mwingine asome, aseme: 'Ndiyo, hivyo ndivyo ninaona mimi.' Kwa hivyo nenda usikilize watu. Tafuta mama mwenye aliolewa hivyo, umuulize."

Sauti ya Mutheu ikashuka. "Mwalimu, mama mwenye aliolewa hivyo ni mama yangu."

Hidaya aliiacha nguo ndani ya beseni. "Subhanallah. Pole, mwanangu. Sikujua." Akafuta povu mikononi. "Na yeye anaonaje?"

Tangu utotoni Mutheu alikuwa amepigana na watu kumtetea mama yake. Hakuwahi kumuuliza lolote.

Jumapili alienda Muthetheni. Aliwakuta bibi yake Mbula na mama yake Nzilani uani, wakipukuchua mbaazi katika ungo mmoja. Akaketi, akapukuchua nao, kisha akaeleza kilichomleta.

Mbula hakungoja kubembelezwa. Alikuwa mzee wa maneno makavu.

"Sikupata mtoto," alisema. "Mume wangu Wambua alikufa. Kaburi halijakauka, ndugu zake walikuja kupima shamba kwa hatua. Walipima mpaka jikoni kwangu, mimi nikiwa nimesimama hapo na mwiko. Wakasema mwanamke hana mtu, hana shamba. Basi nikatoa mbuzi, nikamleta mama yako. Ulipozaliwa, hao ndugu hawakurudi tena. Wewe ndiye uliniweka kwa hii boma."

Mutheu aliyajua haya nusu nusu. Hakuwahi kusikia habari ya mwiko.

"Asante, Susu," alisema. Akamgeukia mama yake. "Na wewe, Mwaitu? Wewe unaonaje?"

Nzilani aliendelea kupukuchua. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Nilikuwa darasa la saba. Nilikuwa napenda hesabu. Siku moja nimetoka shule, nikakuta mbuzi nyumbani. Nikauliza ni za nini. Wakasema ni zangu." Alitoa pumzi. "Mbula hajawahi kunilaza njaa. Hajawahi kunipiga. Nampenda kama mama. Lakini hakuna mtu aliniuliza. Hata mmoja."

Mutheu aliogopa kumtazama bibi yake. Alidhani sasa nyumba itawaka moto. Mbula alishika ganda la mbaazi akaligeuza mkononi.

"Ni kweli," alisema. "Sikukuuliza. Hata mimi sikuulizwa wakati naolewa. Nilidhani ndivyo dunia iko."

"Najua," Nzilani alisema. Akausogeza ungo karibu na Mbula, kwa sababu mzee alikuwa hafikii.

Wanawake hawa walikuwa wamekula chungu kimoja tangu kabla hajazaliwa. Mmoja aliokolewa na mila hii. Mwingine ilimgharimu shule yake. Wote wawili walisema kweli, na kweli ya mmoja haikuifuta ya mwenzake. Mutheu aliwatazama kama mtu anayewaona kwa mara ya kwanza. Aliona ajabu kwamba mambo makubwa hivi yalikuwa yamekaa kimya katika ua huu mdogo, karibu na kuku. Aliona aibu pia, maana yeye ndiye aliyewaita watu wajinga.

Aliporudi Kyumbi aliandika upya. Alieleza iweto ni nini. Aliandika juu ya mjane aliyepimiwa shamba mpaka jikoni, na watoto waliopata jina na pa kuishi. Kisha akaandika juu ya msichana aliyependa hesabu, akaolewa bila kuulizwa. Alisoma sheria. Akaona kwamba Katiba inalinda utamaduni, na Katiba hiyohiyo inataka ndoa iwe ya hiari. Tena sheria inakataza kumwoza mtoto. Neno "vibaraka" hakulirudia.

Mwisho akasema msimamo wake. Watoto wa nyumba hizi waheshimiwe na wapewe urithi wao. Mjane na mwanamke asiye na mtoto walindiwe shamba lao, ili wasilazimike kununua ulinzi kwa maisha ya msichana. Na asiolewe mtu yeyote kabla ya kuwa mtu mzima na kukubali kwa kinywa chake.

Hidaya aliisoma mlangoni, akairudia. Machozi yalimlengalenga.

"Sasa hii ni insha," alisema. "Nimewaamini wote wawili, ndiyo maana nimekuamini wewe."

Katika mtihani, swali halikuwa la iweto. Waliulizwa kama uchimbaji wa mchanga mitoni upigwe marufuku. Zamani Mutheu angewarukia wachimbaji kwa matusi. Sasa aliandika juu ya kijana anayelisha watoto kwa koleo lake, na mama ambaye mto wake umekauka. Alitoa ushahidi, akapima, akasema amesimama wapi. Akapasi, na chuo kikampa nafasi yake.

Alienda nyumbani na habari hiyo. Mbula alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Kisha Nzilani akasema, "Tusomee ile ya iweto."

Mutheu akasoma. Alipomaliza sehemu ya mjane, Mbula alisema, "Yii. Hivyo ndivyo." Alipomaliza ya msichana, Nzilani alisema polepole, "Soma tena hapo." Akasoma tena. Nzilani alifunika uso kwa leso, akalia.

Mbula alingoja mpaka akamaliza. Kisha akamwita kwa jina.

"Nzilani. Wakati ule sikukuuliza. Leo nakuuliza. Wewe unataka nini?"

Nzilani alikunja leso yake. "Kuna ile shule ya watu wazima hapo sokoni," alisema. "Nataka kurudi darasani."

"Asi!" Mutheu alisema. "Na mbuzi atachunga nani?"

"Mimi," Mbula alisema. "Kama mbuzi zilimtoa shule, acha nizichunge ndiyo arudi."

Jumatatu asubuhi Nzilani alipangusa viatu, akaenda sokoni bila kikapu. Mbula alisimama getini na fimbo ya kuchungia, akamtazama mpaka akapotea kwenye kona.