Mstari Mmoja wa Swabra

Soko la Gitega lilikuwa limejaa watu, na msumari wa meza ya viazi ukalikamata gauni la Swabra. Kraa! Gauni la njano, jipya, tena Jumamosi.

"Dada, usivute!" Fundi cherehani wa kibanda cha pili aliruka. "Ukivuta utabaki na mkono tu."

"We unanicheka?"

"Mi sicheki. Meno tu ndiyo iko nje."

Huyo ndiye Othmani: shati jeupe lililonyooka kwa pasi, futi ya kupimia shingoni. Alilishona gauni Swabra akiwa amesimama palepale, na malipo akataka namba ya simu.

Miezi minne simu hazikupoa.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula, fundi wangu. We je?"

Siku nyingine alimkalisha penye cherehani akamfundisha kazi. "Ona, mshono ukifumuliwa, matundu ya sindano hayafichiki." Lakini akimuuliza habari za utoto wake kule Muyinga, Swabra aligeuza maneno: "Nishonee mfuko kwanza."

Utoto huo ulikuwa ndani ya daftari. Melania, mwalimu wake wa darasa la jioni pale mtaa wa Musinzira, alimwambia, "Kinachokataa kusemwa, kiandike. Makosa tuachie sisi walimu." Akaandika mwaka mzima: baba mdogo aliyemlea, waya aliomchapia, jiko alimolala. Zamani mlango ukibamizwa alijikunyata. Siku hizi aligeuka tu kuangalia nani ameingia.

Ikaja arusi ya dada yake, Nadia, huko Muyinga. Swabra akapitia nguo yake kwa Othmani, akakimbilia basi, daftari likabaki mezani. Alipofika tu, simu ikalia.

"Sheri, kaye yako iko hapa kwangu."

"Umefungua?"

"Nilifungua nijue ni ya nani. Nikasoma mstari moja."

"Mstari gani?"

"Ya waya."

"Basi umesoma yote!"

"Swabra, haki ya Mungu..."

Akakata, akazima simu. Aliyaona mbele yake: Othmani akimwonea huruma kama kifaranga kilicholowa, au mbaya zaidi, akinong'ona na mama yake. Katika arusi alicheza kwa miguu tu.

Siku ya tatu, mchana, Nadia akamwita kutoka mlangoni. "Njoo! Kuna kijana ametoka Gitega. Shati yake zamani ilikuwa nyeupe."

Othmani alisimama uani, vumbi hadi kwenye nyusi, mikononi kifurushi cha kitenge cha njano, mabaki ya nguo aliyomshonea Swabra. Swabra akakigeuza. Ndani lilikuwamo daftari, limeshonewa pande zote nne.

"Nilishona kabla ya kukupigia simu," Othmani alisema. "Nilijiogopa. Mi pia ni mtu, ningetamani kuendelea."

Swabra akakiinua juani, akapitisha kidole kwenye mshono wote. Hapakuwa na tundu hata moja la ziada.

"Ungesema tu hukusoma kitu."

"Halafu nianze kukudanganya leo?"

Swabra akanyoosha mkono. Kisha: "Una wembe?"

"Fundi atakosa wembe?"

Swabra alifumua mwenyewe, uzi kwa uzi. Wakakaa mkekani, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Kwenye waya sauti ilikatika. Othmani hakusema pole, hakumharakisha. Alingoja tu, na sauti ikarudi. Akasoma wa pili, hata wa tatu, na alipofunga daftari, alivuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Bon," Othmani alisema taratibu, "wazee wangu waje lini kukuomba?"

"Una haraka we! Nipe kalamu."

Akaandika kwenye ukurasa mtupu, akaufunika kwa kiganja chenye hina. "Huu mstari ni wangu, na mi ndiye nakuruhusu."

Akainua kiganja. Othmani akasoma polepole, midomo ikitembea: *Waje Ijumaa, baada ya swala. Nimekubali.*

"Ongeza mwingine, sheri."

"Tamaa hiyo! Leo mmoja unakutosha."