Nafasi Mia Mbili Zilizoachwa Wazi

Kama uko peke yako chumbani, msomaji, sogea kwanza walipo watu, kisha tuanze na ukurasa wa kumi na saba.

Ukurasa huo ulitoka kwenye printa Jumatano moja mchana, Juni mwaka 2004, ukiwa na sentensi ambayo Atusaye hakuiandika. Atusaye alikuwa mtunga programu katika kiofisi cha vyumba viwili pale Mazwi, mjini Sumbawanga, ndani ya jengo la zamani la ushirika lililokwisha kuuzwa kwa mtu binafsi. Alikuwa amehamia huko kutoka Mbeya na bintiye Precious, wa miaka sita, ambaye akitoka shule alikaa chini ya meza ya mama yake akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati. Watu wa Dar es Salaam walitaka kuiunganisha na ya kwao, hivyo waliomba mwongozo wa kila mlango ambao programu yao ingepitia: mlango huu unafanya kazi gani, unapokea nini, unarudisha nini. Kilikuwepo kiprogramu cha kuandika mwongozo huo chenyewe. Kinasoma maelezo ambayo mtunzi ameyaweka juu ya kila kipande cha programu, kinayapanga, kinayachapa. Raha tupu, kwa mtu aliyeandika maelezo! Felisiani, aliyeianza kazi hiyo kabla ya kuhamia Mpanda, hakuacha hata neno moja, na Atusaye naye alikuwa mvivu wa maelezo kama watunga programu wote ninaowajua. Kiprogramu kikalalamika kwamba milango mia mbili haina maelezo. Basi akafanya ujanja. Akaandika fomu moja tupu, Kazi, Hupokea, Hurudisha, akainakili juu ya milango yote mia mbili, akaacha nafasi wazi azijaze siku akipata muda. Malalamiko yakakoma.

Sasa ukurasa wa kumi na saba ulisema: *Kazi: kumpokea aliyekuta pako wazi.*

"Bosi, umechezea mashine yangu?" Atusaye aliuliza.

"Mimi?" Sebastiani, mwenye ofisi, alicheka. "Mimi hata barua nachapiwa, Mama Precious. Maliza, Ijumaa mwongozo uende Dar."

Atusaye akafungua programu na kutazama pale pale. Nafasi ilikuwa tupu. Akachapa upya, na safari hii kurasa tano zilikuwa na maneno yasiyo yake, na chumba kikaanza kunuka majani yaliyooza chini ya tuta, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya upepo na shamba la karibu zaidi lilikuwa mbali. Ukurasa wa mwisho ulisomeka: *Hupokea: jina la mtoto. Mfano: Precious. Hurudisha: hakuna.*

"Precious," aliita.

Mtoto aliendelea kuchora.

"Precious! We Precious!"

Akamgusa bega. Mtoto akainua uso, akatabasamu, akasema ana njaa. Lakini jina lake lilimpita. Hospitalini wakamwambia masikio ni mazima. Alhamisi jioni Precious alikuwa hasikii tena sauti ya mama yake kwa neno lolote, na Ijumaa asubuhi aliamka akakaa kitandani akitazama ukutani, macho makavu, na hata alipokumbatiwa hakugeuka. Atusaye alilia mpaka kamasi zikamtoka. Hakuwa na mtu mwingine duniani ila huyo mtoto.

Jirani yake kule Kizwite alikopanga ndiye aliyemwelekeza kwa Bibi Kristiana, mganga wa kijiji cha Kaoze, ambaye siku hiyo alikuwa mjini kuuza maharage. Bibi alikuja ofisini amevaa raba na kitenge, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeleta shamba ndani ya nyumba?" Akanusa tena. "Niambie ulichofanya."

Atusaye akamweleza kwa sauti ya chini, kama ni jini lisije likasikia. Bibi Kristiana hakujua kompyuta, lakini fomu tupu alizielewa upesi.

"Hili halikutumwa na mtu," alinong'ona. "Umechimba mashimo mia mbili ukaita watu, hukupanda kitu. Limekuja kupanda lenyewe. Jaza yote leo kabla jua halijazama. Kwa mkono wako, na kila neno liwe la kweli. Usinakili tena."

"Na nisipojua la kweli?"

"Basi usiandike. Niite."

Atusaye akaanza saa nne asubuhi, Precious amelala kwenye kanga miguuni pake. Alisoma mlango mmoja mmoja, akaelewa, akaandika. Kila nafasi aliyoijaza ilipunguza ile harufu kidogo, na ilipofika saa kumi alikuwa amebakiza moja tu, ya Felisiani, mistari tisini iliyosokotwa bila maelezo, na hapo printa ikawaka yenyewe na kuanza kukwaruza, herufi moja, ikatulia, herufi nyingine, ikatulia, P, kisha R, kisha E, na Precious akainuka kwenye kanga macho yamefumbwa na kuanza kutembea kuelekea kwenye printa, na Atusaye akamshika gauni kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipapasa vitufe, akijua kabisa kwamba Bibi Kristiana yuko nje kibarazani na kwamba sauti moja tu ingetosha, lakini printa ilikuwa imefika kwenye S, basi akaandika neno la kwanza lililomjia: *Kazi: kupanga majina.*

Printa ikanyamaza.

"Precious," alisema.

"Abee, mama."

Loo, furaha gani ile! Alimbeba, akacheka na kulia kwa pamoja, akatoka naye kibarazani. Bibi Kristiana akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Zote umejaza kwa kweli?"

"Zote, bibi," alijibu Atusaye.

Mwongozo ukaenda Dar. Sebastiani akausifu.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, Atusaye alikuwa anachambua mchele uani kwake Kizwite, mtoto kando yake. Kulikuwa kimya, hata jogoo hakuwika.

"Abee!" aliitika Precious, akainuka.

"Sijakuita, mwanangu."

"Si wewe, mama. Yule wa kazini kwako."

Ungo ukamponyoka Atusaye. "Yupi?"

"Anayepanga majina. Anasema hiyo kazi ulimpa wewe, na watu wa Dar wamempelekea mengi, anayapanga yote mstari mmoja." Akatabasamu. "Mimi nimewekwa mbele."

Atusaye akamshika mkono kwa nguvu zake zote, akamvutia kifuani. Mtoto hakupinga. Aligeuza tu shingo kuelekea kwenye uzio, ambako hakukuwa na mtu, akasikiliza kwa adabu kama anavyofundishwa kusikiliza wakubwa.

"Abee," akaitika. "Nimesikia. Ila mama amenishika."